Koroboi Linalotii Fimbo: Kutengeneza Taa ya Kichawi ya Jukwaani

Mtazamaji wa Mwanza hadanganyiki kirahisi na moto. Ameshaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani usiku wa giza, na anajua kuwa mwanga wa karabai ni mweupe mkali, ilhali wa koroboi ni wa manjano, mfupi, unaochezacheza. Ukitaka kuweka jukwaani koroboi la kichawi, linalowaka mchawi akilinyooshea fimbo na kuzimika akiligeuzia ncha ya pili, una kazi mbili. Kwanza, moto ufanane na moto. Pili, koroboi litii kila mara, kwa sababu likigoma mara moja tu, watu wanaacha kufuata hadithi na kuanza kutafuta waya.

Kabla ya kushika chombo chochote, kubalianeni na mwandishi wa igizo kuhusu sheria ya koroboi hilo katika dunia yenu ya kubuni. Sheria ya hapa ni hii: ncha nyeupe ya fimbo huwasha, ncha nyeusi huzima, na koroboi hubaki lilivyo hadi liamriwe tena, hata mchawi akiondoka. Hakuna rimoti wala mtu wa nyuma ya pazia. Kazi yote inafanywa na sumaku.

Vifaa vyake ni vichache. Tafuta swichi ya sumaku, ile ya bomba dogo la kioo lenye majani mawili membamba ya chuma ndani. Ipo kwenye kengele za mlango za kuzuia wezi, na fundi redio anaweza kukutolea moja. Chukua ile ambayo majani yake hushikana sumaku ikikaribia. Ongeza taa ya LED ya manjano inayochezacheza, itoe kwenye mshumaa wa betri unaouzwa na wapamba kumbi za harusi. Rezista moja, yaani kijidude cha kubana mkondo wa umeme, ya omu 68 (mistari ya bluu, kijivu na nyeusi), betri mbili za AA na kishikio chake, mwili wa kalamu ya plastiki, na sumaku ndogo ya duara ya milimita 5 hivi. Kwa fimbo utahitaji sumaku nne kali za milimita 10.

Koroboi lenyewe lipo hata kwenye jina la mtaa: Makoroboi, katikati ya jiji. Nunua jipya. Lililokwisha kutumika limelowa mafuta ya taa, gundi haishiki, na harufu haitoki. Ila kabla ya kulipa, lijaribu kwa sumaku. Sumaku ikinata, bati hilo ni la chuma, na chuma huvuta nguvu ya sumaku kikaipitisha pembeni, kwa hiyo swichi iliyo ndani haipati kitu. Si lazima uliache. Tumia mwili wake tu, halafu kata kifuniko kingine kutoka kwenye kopo la soda la alumini au kwenye plastiki ngumu uipake rangi. Sehemu inayozunguka swichi ndiyo isiyotakiwa kuwa ya chuma.

Kata mwili wa kalamu uwe na urefu wa sentimita 8, uusimamishe katikati ya kopo la koroboi, utokeze sentimita moja na nusu juu ya kifuniko. Huo ndio mdomo wa utambi. LED inakaa juu kabisa, na swichi inasimama wima chini yake, ndani ya bomba. Wakati wa kukunja miguu ya swichi, ishike kwa plaizi milimita 3 kutoka kwenye kioo, ukunje upande wa nje wa plaizi. Ukikunja ukiwa umeshika kioo, kinapata ufa ambao huuoni, na swichi inakufa siku mbili baadaye bila sababu unayoijua.

Nyaya zinafuata njia moja tu: chanya ya betri, rezista, mguu mrefu wa LED, mguu mfupi, swichi, kisha hasi ya betri. Usiiache rezista kwa kuwa mshumaa ulikotoka LED haukuwa nayo. Ule ulitumia betri ya kidonge, ambayo ina ukinzani wake wa ndani unaobana mkondo. Betri za AA hazibani kiasi hicho, na LED itaungua. Kwa omu 68, mkondo ni karibu miliampia 15, na betri nzuri zitavuka msimu mzima wa maonyesho. Zilaze chini ya kopo, mbali na swichi.

Sasa sehemu yenye ufundi wenyewe. Ukiishia hapo, koroboi litawaka fimbo ikiwa karibu na kuzimika ikiondoka, na hilo si uchawi, ni kengele ya mlango. Kinacholifanya likumbuke amri ni ile sumaku ndogo, tuiite sumaku mlinzi.

Majani ya swichi hushikana sumaku ikifika umbali fulani, lakini hayaachiani palepale sumaku inapoanza kurudi. Ni lazima irudi nyuma zaidi kidogo. Katikati ya umbali huo wa kushika na ule wa kuachia kuna eneo ambalo swichi hubaki ilivyo: kama ilishika, inaendelea kushika, kama iliachia, inakaa wazi. Sumaku mlinzi inakaa hapo hapo. Fimbo ikija na nguvu ya upande uleule, inaongeza kidogo na swichi inashika. Ikija na nguvu ya upande wa pili, inapunguza na swichi inaachia. Fimbo ikiondoka, mlinzi analinda hali iliyopo.

Ingiza sumaku mlinzi ndani ya kalamu kutokea chini, uso wake ukitazama juu, uisukume taratibu kwa njiti. Betri ziwe tayari mahali pake, maana maganda yake ni ya chuma na hubadili vipimo. LED ikiwaka, weka alama ya kwanza kwenye njiti. Ivute njiti chini polepole mpaka taa izimike, uweke alama ya pili. Tuseme imewaka sumaku ikiwa milimita 15 kutoka katikati ya swichi na imezimika kwenye 18: iweke kwenye 16 na nusu. Bana kwa tone la gundi ya moto, usubiri ipoe kabisa, halafu pima upya. Gundi ikipoa husinyaa na kuivuta sumaku, na milimita moja hapa ni nyingi.

Fimbo ifanye kwa tete kavu la ufukweni, urefu wa sentimita 35. Tete lina uwazi ndani na ni jepesi mkononi mwa mwigizaji. Upande mmoja weka sumaku tatu zilizoshikana, upande wa pili moja. Ncha yenye sumaku tatu ndiyo ya kuwasha, kwa hiyo uso wake wa nje uwe ule unaovutana na uso wa juu wa sumaku mlinzi. Uso wa nje wa ncha ya kuzima uwe unaosukumana nao. Paka nyeupe na nyeusi baada ya kuhakikisha, si kabla.

Kuna sababu ya kutia sumaku moja tu upande mweusi. Mwigizaji akiisogeza ncha kali ya kuzima karibu mno, nguvu yake inashinda ya mlinzi, inapita sifuri, kisha inaishikisha swichi tena kwa upande wa kinyume. Watazamaji wanaona moto unazimika, unawaka, unazimika tena fimbo ikirudi. Mfundishe kusimamisha ncha sentimita 3 au 4 juu ya moto, akitokea juu moja kwa moja. Akitokea ubavuni, ncha ikitazama katikati ya swichi, majani hayashtuki hata fimbo iwe kali namna gani.

Moto wenyewe ufunike kwa plastiki nyeupe ya dumu la maziwa iliyokatwa umbo la jani, urefu sentimita mbili na nusu. Paka chungwa hafifu nchani, kisha masizi ya mshumaa mdomoni mwa kalamu. Masizi hayo yanaongeza ukweli kuliko rangi yoyote. LED nyeupe usiitumie: inafanana na karabai, na igizo likichezwa ufukweni jioni inaita wadudu wa ziwa kwa wingi.

Koroboi likiwaka lenyewe likitikiswa, mlinzi yupo juu mno. Mshushe nusu milimita. Likiwaka mezani lakini likagoma jukwaani, kagua kigoda cha chuma, spika iliyo karibu, au simu mfukoni mwa mwigizaji.

Jambo moja ni zito kuliko waya. Huku kwetu Kanda ya Ziwa watu, hasa bibi zetu, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1928, inamgusa anayejidai kuwa na nguvu hizo au kumiliki vifaa vyake. Kwa hiyo dunia yenu iwe ya kubuni waziwazi. Msitumie hirizi, pembe, tunguri wala mavazi ya waganga, na mchawi wa igizo asiwe ajuza mwenye macho mekundu. Tangazeni kuwa ni mazingaombwe, na baada ya onyesho wafungulieni watoto kopo waone nyaya.

Sumaku za fimbo wasiziguse wakiwa peke yao. Mbili zikimezwa hubana utumbo katikati yake na kuutoboa. Mtoto akizimeza, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Koroboi litunzwe bila betri ndani, kwenye mfuko mkavu, na fimbo ikae sanduku lingine, mbali na kadi za benki.