Una ilimba na umepanga chumba kimoja? Kaa nayo hivi

Kwanza nijitambulishe kwa kazi maana jina halina faida hapa, mimi ni mtu wa stoo, nahesabu maboksi Kariakoo kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, nikirudi geto huku Mbagala ndio nashika ilimba, ile ala ya Wagogo wa Dodoma, boksi la mbao lenye vyuma unavyopiga kwa dole gumba. Sio msanii, sina albamu, sijawahi kulipwa zaidi ya laki moja na hiyo laki tuligawana watatu. Ila nina miaka tisa na hii kitu na nimekosea karibu kila kitu cha kukosea, so wewe uliyenunua ilimba yako juzi au umeachiwa na babu na hujui uanzie wapi, kaa hapa nikupe.

Kama haujainunua bado usianze na ile kalimba ya Kichina ya funguo 17 inayouzwa mtandaoni. Sio mbaya, ni nzuri kwa kupiga hepi besdei, ila imetuniwa kizungu na haina ule mvumo. Ilimba ya Kigogo lazima ivume, yaani kila sauti inakuja na mchakarisho wake nyuma kama nyuki yuko ndani ya boksi, bila hivyo mzee yeyote wa Dodoma atakuuliza mbona imekufa. Ukienda kwa fundi angalia vitu viwili tu. Vyuma viwe vimegongwa vizuri, vingi ni misumari au njiti za mwavuli au spoku za baiskeli zilizopondwa zikawa bapa, ukipitisha kidole kwenye ncha isikuchane. Pili gonga boksi kwa kifundo cha kidole, likilia "ko" la kufunguka chukua, likilia kama umegonga mlango wa kabati la plaiwudi rudisha. Idadi ya vyuma isikusumbue. Marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki maarufu wa Kigogo, alikuwa na ilimba za vyuma vingi kupita kiasi, lakini yule alikuwa Hukwe Zawose, wewe anza na kumi na kitu.

Sasa huo mvumo. Kwenye boksi kuna katundu, na juu ya katundu kunabandikwa utando wa buibui. Sio ule wa nyavu nyavu wa kwenye kona, hapana, ni ile karatasi nyeupe ya duara kama sarafu ambayo buibui anaibandika ukutani kufunika mayai yake. Kila nyumba ya Kiswahili inazo, nyuma ya kabati, juu ya mlango, stoo ndio usiseme. Unaibandua taratibu kwa wembe, ukiwa umetulia, hauna haraka, unapuliza vumbi, halafu unalamba kidole unalowesha pembeni ya tundu, unaiweka ikae kama ngoma, iwe imekaza lakini sio imevutwa. Subiri ikauke ndio upige. Ikiwa imelegea sauti inakuwa "fffrr" kama spika iliyopasuka, ikiwa imekaza sana havumi mtu. Mimi nilikuwa na akiba yangu ya nane hivi ukutani naziangalia zinavyokua, dada yangu akaja kunitembelea toka kijijini, akaniambia kaka unaishi kwenye uchafu, akapiga ufagio ukuta mzima na dari. Nilikaa wiki mbili napiga ilimba bubu. Siku hizi naziweka kwenye kopo la dawa na karatasi katikati, na ukikosa kabisa tafuta kipande cha nailoni nyembamba kabisa, zamani rambo zilikuwa zimezagaa kila kona, toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hata hiyo inabidi uitafute.

Kutuni ndio sehemu watu wanaachia njiani kwa hiyo twende polepole.

Kila chuma kinapita juu ya kibao kidogo na kinakandamizwa na nondo nyembamba iliyofungwa kwa waya. Ukigonga ncha ya chuma kirudi ndani kinakuwa kifupi na sauti inapanda, ukigonga kwa nyuma kije kwako kinarefuka sauti inashuka. Tumia nyundo ndogo na kitambaa, gonga kidoogo halafu sikiliza, gonga tena, usigonge kama unajenga. Sasa watu wanafungua simu, wanaweka programu ya kutunia gitaa, wanapanga noti za kizungu C, D, E, G, B bapa (B flat), mshale unakaa katikati kijani, wanafurahi, wanapiga, na haisikiki Kigogo. Kila noti imetuniwa sawa na bado wimbo haupo. Mimi nilihangaika na hili miezi kadhaa nikadhani vidole vyangu ndio vibovu.

Sababu yenyewe iko hivi. Chukua uzi wa zeze au waya wowote mrefu uliokaza, uguse kwa ncha ya kidole katikati bila kukandamiza huku unaupiga, unapata sauti nyembamba ya juu. Gusa kwenye theluthi, inapanda. Robo, inapanda tena. Ya katikati iite ya 2, ya theluthi ya 3, ya robo ya 4, na kuendelea. Hizo sauti zimo ndani ya waya wenyewe, wala hakuna mtu aliyezipanga, na muziki wa Kigogo umejengwa humo, kuanzia ya 4, ya 5, ya 6, ya 7, mpaka kwenye ya 9 na ya 10. Piano haina ya 7, imeifukuza. Kwa hiyo kama bado unataka simu ikusaidie, fanya hivi: C yako iache katikati, D ipandishe senti 4 (senti mia moja ni nusu toni), E ishushe senti 14, G pandisha senti 2 ambayo hata sikio halioni, na B bapa ishushe senti 31, yaani karibu theluthi ya nusu toni. Programu itawaka nyekundu, iache iwake. Hiyo B bapa iliyoshuka ndio ile ya 7, ndio ladha yenyewe, ukiipandisha umepiga kitu kingine.

Halafu zima simu. Vile vyuma vya sauti moja, kimoja cha juu kimoja cha chini, tuni kwa sikio. Vipige pamoja, utasikia vinagombana, wau wau wau wau, gonga kidogo, inakuwa wau... wau... wau, unakaribia, gonga kidogo zaidi, mpaka ule mtikisiko unaisha na sauti mbili zinakuwa mtu mmoja. Siku ya kwanza ikikutokea utacheka mwenyewe chumbani. Na kuna vyuma vingine hata hupigi, vipo pale vinaitikia wenzao tu, usivitoe ukidhani ni vya ziada kama nilivyofanya mimi.

Kupiga kwenyewe siwezi kukufundisha kwa maandishi ila nitakuambia mpangilio. Imba kwanza. Usianze na vidole, anza na mdomo, wimbo mmoja tu, hata ule mama alikuwa anaimba akisaga, uimbe ukiwa unaosha vyombo, ukiwa kwenye daladala kimoyomoyo, mpaka ukuchoshe. Ndio sasa dole gumba la kulia litafute mstari wa chini na la kushoto lijibu. Robo saa kila siku inatosha kabisa, masaa matatu Jumapili hayakusaidii kitu zaidi ya malengelenge. Kucha za dole gumba acha ziwe ndefu kidogo, kazini watakuuliza, waambie ni za kumenyea machungwa. Ukipata mtu wa kuimba naye, mwambie asikufuate ulipo, aruke sauti moja katikati, wewe ukiwa G yeye awe C ya juu, ukishuka naye anashuka, hiyo ndio namna sauti za Kigogo zinavyopandana, sio kwaya ya soprano na alto. Mimi naimba na jirani fundi cherehani, yeye ni Mmakonde wala hajui Kigogo hata salamu, lakini kuruka anaruka vizuri kuliko binamu zangu.

Kuhusu majirani: nyumba ya kupanga ina vyumba sita na choo kimoja, usilete ubabe. Muda mzuri ni kati ya magharibi na taarifa ya habari, wakati kila mtu anapika na kelele zipo. Weka ilimba juu ya mto, boksi likigusa meza au ukuta nyumba nzima inakuwa ilimba. Njuga za mguuni acha kwa ajili ya shughuli. Na mpigie mama mwenye nyumba siku moja akiwa ametulia kibarazani, akiipenda huna kesi tena.

Joto la huku pwani nalo ni adui. Ilimba imetengenezwa Dodoma kukavu, unaileta Dar mbao inavimba na chumvi inakula vyuma. Ukimaliza futa jasho kwa kitambaa, mara moja kwa wiki tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa upitishe, sio mafuta ya nazi, yanaganda na kuvutia mende. Vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu usitupe, weka kwenye mfuko wa ilimba.

Kujifunza: utafika mahali simu na kelele zako peke yako haviendi tena, unahitaji mzee. Siku hizi kuna treni ya SGR toka 2024, unaondoka Dar asubuhi mchana unakula mlenda Dodoma, hamna kisingizio. Chamwino haiko mbali na mjini, na pale Chamwino Arts Centre wamekuwa wakiandaa tamasha la muziki wa Kigogo, vikundi vinatoka vijijini kabisa na unasikia mambo ambayo hayapo kwenye rekodi yoyote. Kwa walio Dar, Bagamoyo ni karibu zaidi, TaSUBa ndio kile Chuo cha Sanaa alichofundisha Zawose na ukoo wake bado unapiga, wale wadada wa The Zawose Queens wametoa albamu yao 2024 na lebo ya Real World, sikiliza jinsi sauti zinavyopandana halafu rudi usome pale nilipoandika kuruka.

Ila ukienda kwa mzee usiende na simu mbele. Mimi mara ya kwanza niliingia uani na "shikamoo babu, naomba unifundishe wimbo fulani nirekodi", palepale. Akanijibu marahaba, akaniletea kigoda, akaanza kuongelea bei ya mtama. Tukaongea mtama mpaka jua likazama. Kesho yake nikaja na kilo mbili za sukari na sabuni ya mche, nikasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, nikakaa kimya nikasaidia kupukuchua mahindi. Akachukua ilimba yangu niliyoituni na simu wiki nzima, akapiga mara moja, akaniangalia.

"Mjukuu wangu, hii nani kaifunga?"

"Mimi babu, kwa kutumia simu."

"Hiyo simu iliwahi kuchunga mbuzi?"

Akachukua jiwe, jiwe la chini tu, akagonga vyuma vitatu. Vitatu tu. Ilimba ikafunguka. Baadaye nimepima, kimojawapo ni ile B bapa.

Kwa hiyo nenda na zawadi, nenda na muda, rekodi ukiruhusiwa. Na sio kila kitu ni cha kurekodi, ngoma za muheme kwa mfano ni za akina mama, wanazibana katikati ya mapaja na asili yake ni mambo ya jando na unyago, ukiziona shambani kwa watu usichomoe simu kama uko uwanja wa mpira. Uliza.

Ukirekodi mwenyewe geto, usitumie voisnoti ya WhatsApp, inaona ule mvumo ni kelele inaukata, unabaki na "tiki tiki" kama saa. Tumia rekoda ya kawaida ya simu, weka simu juu ya nguo umbali wa mkono mmoja, pembeni kidogo ya tundu, funga feni. Blanketi likining'inia nyuma yako linasaidia kuliko maiki ya bei.

Mwisho ni shughuli, maana ndugu wakishajua una ilimba utaitwa kwenye send-off tu. Kubali, ila fika mapema kabla ya DJ, ongea na fundi mitambo. Omba maiki moja iwekwe kwenye tundu na mwambie asitie eko. Mimi kuna mmoja alitia eko kubwa, kila nikigonga chuma kinarudi mara nne, nikawa nashindana na mimi mwenyewe mbele ya wakwe, MC akadhani ndio staili akaanza kupiga makofi. Panga nyimbo mbili tu, dakika tano, ya tatu waiombe wenyewe. Wakija kutunza usiache kupiga ukaokota noti, weka mtoto wa ndugu na kikapu, na mhesabie mbele ya shangazi, sio kwamba watoto wa ndugu ni wezi, ila mimi safari moja kikapu kilifika nyumbani na elfu tatu na pipi ya kijiti.