Malengelenge ya mdomoni: usimtengee mtu kikombe, mlinde mtoto mchanga
Mtu akitokwa na malengelenge mdomoni, nyumbani huanza kutengewa sahani, kikombe, hata choo. Jamani, tusimfanyie mtu hivyo. Virusi vya herpesi, vinavyoleta malengelenge haya, havidumu nje ya mwili, na huambukizwi kwa kukalia choo wala kulalia shuka lake. Vyombo vioshwe kwa sabuni kama kawaida. Mafuta ya mdomo na wembe msichangie kidonda kikiwa kibichi.

Njia yake hasa ni ngozi kugusana, na busu ndilo linaloongoza. Anayeniumiza moyo ni mtoto mchanga, hasa wa chini ya wiki 4: virusi vikimpata vinaweza kufika kwenye ubongo na kumuua. Ukiwa na kidonda mdomoni na unaenda kumwona mzazi, usimbusu mtoto, hata mkononi, na nawa kwa sabuni kabla ya kumpakata. Mama mwenyewe aendelee kunyonyesha, ila kidonda kikiwa kwenye titi, titi hilo lipumzike hadi kipone. Kichanga akipata homa, akigoma kunyonya au akitoka vilengelenge, hospitali saa hiyo hiyo.