Kuondoa violezo vilivyochakaa kwenye nyaraka za fremuweki

Mtu anayefungua nyaraka saa sita usiku, na kesho mradi unatakiwa uwe umesimama, hasomi maonyo. Anatafuta amri ya kunakili. Ndiyo maana sipendi ile tabia ya kuacha kiolezo cha zamani (mradi wa kuanzia ulioandaliwa tayari) palepale na kukibandikia tahadhari. Nyaraka za FastAPI, fremuweki ya Python ya kujengea API, ziliwahi kuwa hivyo: kiolezo cha hifadhidata ya Couchbase kilikaa ukurasani na onyo juu yake kwamba anayeanza upya aangalie vingine. Siku hizi ukurasa huo una kiolezo kimoja tu, chenye React, SQLModel, PostgreSQL na Docker Compose. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwanza hakikisha kiolezo kimekufa kweli. Tarehe ya badiliko la mwisho haitoshi, maana kuna repo (hifadhi za msimbo) zimetulia kwa sababu kazi yake imekwisha. Angalia kinategemea nini. Kile cha zamani cha FastAPI chenye PostgreSQL, kwa mfano, upande wa mbele kilitumia Vue 2, fremuweki ya JavaScript ambayo msaada wake ulikoma tarehe 31 Desemba 2023. Kisha kishushe, fuata maelekezo yake kama mgeni, uendeshe `docker compose up --build`. Kikigoma, nakili kosa lote. Huo ndio ushahidi wako.

Kabla hujafuta hata mstari mmoja, tafuta jina lake repo nzima:

`git grep -n -i couchbase`

Hapa ndipo kazi ilipo. Jina utalikuta kwenye ukurasa wa Kiingereza, halafu kwenye tafsiri, kwa sababu kila lugha ina folda yake ndani ya `docs/`. Ukifuta kwa Kiingereza peke yake, msomaji wa Kijapani anabaki na kiolezo kilekile. Sehemu yenye kichwa chake unaweza kuitoa hata kama lugha huijui. Lakini kikitajwa katikati ya aya, usibahatishe, mwachie anayeijua lugha. Na habari za matoleo ya nyuma usiziguse kabisa: pale kiolezo kinatajwa kama historia, na historia haichakai.

Baada ya hapo ni viungo. Ukifuta ukurasa mzima, mtu aliyehifadhi anwani yake mwelekeze kwa programu-jalizi ya `mkdocs-redirects`, kama nyaraka zinajengwa kwa MkDocs, zana ya kutengeneza tovuti za nyaraka. Ukifuta sehemu tu, kuna mtego: `mkdocs build --strict` hukamata ukurasa uliopotea, ila kiungo chenye alama ya reli (`#`) kinachoelekea kichwa kilichofutwa kinapita bila kelele. Kuanzia MkDocs 1.6 unaweza kuibana kwenye `mkdocs.yml`:

```
validation:
  links:
    anchors: warn
```

Jenga tena, urekebishe kila kinacholalamika.

PR yako (ombi la kuingiza mabadiliko) iwe na kazi hii moja. Ukichomeka na marekebisho ya koma, mkaguzi ataiweka kando, na mimi ningefanya hivyohivyo. Eleza kwa nini kiolezo kinatoka, weka lile kosa ulilonakili, na utaje msomaji aende wapi badala yake. Kama hakuna mbadala, sema hakuna. Repo ya kiolezo chenyewe usishinikize ifutwe. Mwenyewe akiiweka kwenye hali ya kusomwa tu inatosha, kwa kuwa wapo waliojenga juu yake na bado wanahitaji kuchungulia msimbo wake.