Kizimba Kirefu: Pima Joto Kabla ya Kuleta Mnyama

Mtu akishapata kizimba kirefu cha kwenda juu, cha kufugia mjusi au nyoka, swali lake la kwanza ni "mnyama gani anapenda kupanda?" Nami niliuliza hivyohivyo. Kasha langu ni la kioo, sentimita 45 kwa 45, kimo 90. Nilifunga taa ya joto juu, nikajaza matawi na majani, kisha nikamtia geko wa kishungi, yule mjusi wa New Caledonia mwenye vimiiba kama kope juu ya macho. Wiki nzima alijibanza chini kwenye udongo. Nikajua nimeuziwa mjusi asiyejua kupanda.

Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Nilipoweka vipimajoto viwili, cha juu kilisoma nyuzi 33, cha chini 24. Geko huyu anastarehe kati ya 22 na 26. Ikizidi 28 anaanza kuumia. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo kizimba kirefu kina ghorofa, na kila ghorofa ina joto lake.

Basi kabla hujanunua chochote, washa taa kizimba kikiwa kitupu kwa wiki moja. Tundika vipimajoto vitatu: juu, katikati, chini. Soma mchana, soma usiku taa ikiwa imezimwa, andika. Hesabu hizo ndizo zitakuchagulia.

Ghorofa ya juu ikikaa chini ya nyuzi 26, geko wa kishungi anakufaa. Hupanda kioo chenyewe, hula unga wa matunda wa geko uliokorogwa kwa maji, na hutoka usiku. Anaweza kuishi miaka 15 na zaidi, kwa hiyo jipime na wewe. Usimkamate kwa pupa. Wangu nilimdaka nikisafisha kasha, mkia ukabaki kiganjani unarukaruka huku mwenyewe keshajificha. Mkia wa geko huyu ukikatika hauoti tena.

Kama juu kuna nyuzi 30 hadi 32 chini ya taa na chini kuna 25 hivi, mtazame geko mkubwa wa mchana wa Madagaska, Phelsuma grandis. Ni kijani kibichi chenye madoa mekundu, na yuko macho wakati nawe uko macho. Anahitaji taa ya UVB, yaani yenye miale ya urujuanimno kama ya jua. Ngozi yake huchanika kwa urahisi mno, kwa hiyo ni wa kutazamwa tu. Anayetaka wa kushika atafute mwingine.

Kinyonga wa Yemen ndiye anayetamaniwa na wengi, na ndiye anayeteseka zaidi mikononi mwa wanaoanza. Dume mzima anataka walau sentimita 60 kwa 60 kwa kimo cha 120, kuta za wavu hewa ipite, na UVB. Bakuli la maji ataliangalia tu. Hunywa matone yaliyoko kwenye majani, hivyo utanyunyiza kila siku. Vidole vyake hushika kama koleo, basi mpe vijiti vyembamba anavyoweza kuvizungushia. Wawili hawakai pamoja. Jike hutaga hata bila dume, na asipopata ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 30 hivi, mayai yanaweza kukwama tumboni yakamuua.

Chatu wa miti wa kijani hujiviringisha juu ya tawi lililolala, akatulia hapo siku nzima. Kizimba chembamba kirefu hakimsaidii. Anataka upana, na matawi yenye unene kama wa mwili wake. Iguana wa kijani usimfikirie kabisa: akikua anapita mita moja na nusu.

Yeyote utakayemchagua, mwulize muuzaji kama amezaliwa kizimbani au amekamatwa porini, na uangalie kama sheria ya mahali ulipo inadai kibali.

Mimi taa ile niliing'oa. Siku ya tatu, mchana, nilimtafuta geko wangu kwenye udongo nisimwone. Alikuwa juu kabisa, nyuma ya jani, amelala kichwa chini.