Nukta zikikataa kukaa kwenye mstari: jinsi ya kusoma mchoro wa Q-Q

Kazi yangu ni kuchambua data za watu wengine. Nina meza, kompyuta moja na feni hapa Mwanza, na wanaoniletea kazi wengi ni wanafunzi wa uzamili ambao muda wa kukabidhi umeshawabana. Swali lao la kwanza karibu wote ni lile lile: "Dada, data zangu ni normal?" Wanataka niseme ndiyo, wakaandike sura ya nne, wakalale.

Mimi siwajibu. Nawapa karatasi wachore.

Juzijuzi nilitumia data zangu mwenyewe. Kwa siku tisa niliandika dakika nilizosubiri daladala pale Buzuruga. Nilipozipanga kuanzia ndogo zilikuwa: 4, 6, 7, 9, 10, 12, 15, 22, 41. Ile 41 ilikuwa siku ya mvua, nimejibanza chini ya mwavuli wa muuza vocha.

Sasa jiulize: kama muda wa kusubiri ungefuata mtawanyo wa kawaida (ndiyo hiyo "normal"), ile kengele tunayofundishwa darasani, namba tisa zilizopangwa hivi zingetarajiwa kukaa wapi? Hapo hatuzungumzii dakika bado, tunazungumzia umbali kutoka katikati, ukihesabiwa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika (standard deviation). Jibu, kwa namba tisa, ni hili: −1.49, −0.93, −0.57, −0.27, 0, 0.27, 0.57, 0.93, 1.49. Hizo ndizo kwantaili za kinadharia. Ya katikati inakaa sifuri, za pembeni zinaachana zaidi kwa sababu kengele ina watu wachache mikiani.

Mchoro wa Q-Q (kwantaili kwa kwantaili) ni kuoanisha orodha hizo mbili. Ndogo kabisa kwa ndogo kabisa: 4 na −1.49. Ya pili kwa ya pili: 6 na −0.93. Hadi 41 na 1.49. Weka nadharia kwenye mhimili wa chini, dakika kwenye mhimili wa wima, tia nukta tisa. Kama data ni za kengele, nukta zitajipanga kwenye mstari ulionyooka. Hakuna uchawi mwingine ndani yake.

Kwenye R, programu ya takwimu, ni hivi:

dakika <- c(4, 6, 7, 9, 10, 12, 15, 22, 41)
qqnorm(dakika)
qqline(dakika)

Mstari wa qqline haupiti katikati ya nukta zote kwa kukisia. Unapita kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu ya data yako, yaani namba zinazotenga robo ya chini na robo ya juu, ambazo hapa ni 7 na 15. Hilo lina maana kubwa: ile 41 haiwezi kuuvuta mstari kuelekea kwake. Robo mbili za katikati ndizo zinazoshika rula, mikia inabaki kuhukumiwa.

Tuhukumu basi. Kwa mstari huo, namba ya mwisho ingepaswa kuwa kama dakika 20. Mimi nilisubiri 41. Ya kabla yake ingepaswa kuwa 16 na nusu, ilikuwa 22. Upande wa kushoto mstari unasema 2, data inasema 4. Na katikati mstari unasema 11, data inasema 10. Kwa hiyo ncha zote mbili ziko juu ya mstari na tumbo liko chini yake, kama bakuli. Kwenye R, bakuli hilo ni mkia mrefu wa kulia: siku nyingi za kusubiri kidogo, siku chache za kuteseka. Na inaingia akilini, maana huwezi kusubiri chini ya sifuri, lakini juu hakuna dari.

Bakuli likigeuzwa kifudifudi, mkia mrefu uko kushoto. Ncha ya kushoto ikizama chini ya mstari na ya kulia ikipaa juu yake, mikia yote miwili ni mizito kuliko ya kengele; kinyume chake, mikia ni mifupi. Nukta zikipanda kama ngazi, data zako zimekadiriwa kwa namba nzima au ni majibu ya dodoso ya 1 hadi 5. Hapo usihangaike kuuliza kama ni normal. Namba tano haziwezi kuwa kengele hata ukizikodolea macho usiku kucha.

Bakuli mara nyingi linatibika kwa logi (logarithm) ya kila namba:

qqnorm(log(dakika))
qqline(log(dakika))

Nukta nane zinasogea karibu na mstari. Siku ya mvua inabaki juu: mstari sasa unairuhusu kufika kama dakika 24, bado haitoshi. Sawa. Logi hunyoosha umbo la data, haifuti siku ya mvua.

Sasa nije kwenye kosa ambalo limenigharimu muda kuliko yote, maana naona bado linaua watu. Nilijifunzia R, kisha nikaajiriwa sehemu wanayotumia SPSS, programu nyingine ya takwimu. Nikafungua Analyze, Descriptive Statistics, Q-Q Plots, nikaona ncha zimeinama chini na tumbo limepanda juu. Nikamwambia mwenye data kwa kujiamini kabisa kwamba mkia wake mrefu uko kushoto. Yeye, mtu wa mifugo asiyejua takwimu, akaniangalia, akasema: "Mbona ng'ombe wangu wachache ndio wanatoa maziwa mengi sana?" Alikuwa sahihi. SPSS huweka data kwenye mhimili wa chini na matarajio kwenye mhimili wa wima, kinyume cha R. Bakuli la R linakuwa kifudifudi kwenye SPSS. Stata, programu ya tatu, kwa amri ya qnorm, inaweka kama R, ila mstari wake unatokana na wastani na mkengeuko sanifu, kwa hiyo namba moja kubwa mno inaweza kuusogeza. Tangu siku ile, kabla ya kusema neno lolote, nasoma kwanza majina ya mihimili.

SPSS ina mtego mwingine. Ukifanya regresheni na ukaweka alama ya "Normal probability plot", kinachotoka ni P-P, si Q-Q. P-P inalinganisha uwezekano uliolimbikizwa, na mikia inabanwa pembeni mpaka haionekani vizuri. Matatizo mengi yako mikiani. Hifadhi mabaki kwa kubonyeza Save, kisha uyachoree Q-Q mwenyewe.

Mabaki. Hapa ndipo ninapogombana na wanafunzi. Wanaleta Q-Q ya mavuno, ya uzito, ya alama za mtihani, data ghafi. Lakini ANOVA na t-test (za kulinganisha wastani wa makundi) na regresheni hazidai data ghafi ziwe kengele. Zinadai mabaki, yaani kile kinachobaki baada ya kuondoa wastani wa kila kundi au mstari wa regresheni. Ukichanganya mbuzi na ng'ombe kwenye mzani mmoja utapata vilima viwili, na hakuna ubaya wowote.

Mfano ninaoupenda umo ndani ya R yenyewe, hupakui kitu. Unaitwa Nile: maji ya mto Nile yaliyopita Aswan kila mwaka, 1871 hadi 1970, miaka 100, kwa vipimo vya mita za ujazo milioni 100. (Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunajisifu kwamba mto ni wetu, ukweli ni kwamba maji mengi yanayofika Aswan yanatoka nyanda za juu za Ethiopia.)

qqnorm(Nile)
qqline(Nile)

Utaona mchoro mtulivu. Mwaka wenye maji machache kuliko yote ni 1913, namba 456, na mstari ulitarajia takriban 469. Mwaka wenye maji mengi ni 1879, namba 1370, mstari ulitarajia takriban 1362. Ncha zote mbili zimekaa mahali pake, tumbo limelegea kidogo tu. Mwanafunzi hapo angeandika "data ni normal" na kuendelea.

Sasa chora kwa wakati: plot(Nile). Mto unashuka ghafla mwishoni mwa karne ya 19. Wastani hadi 1898 ni kama 1098. Kuanzia 1899 ni 850. Hizo ni enzi mbili zilizoshonwa pamoja, na Q-Q haikukwambia, kwa sababu kitu cha kwanza inachofanya ni kupanga namba kwa ukubwa. Ikishapanga, imeshatupa miaka. Basi ondoa wastani wa kila enzi:

mwaka <- 1871:1970
enzi <- ifelse(mwaka <= 1898, "kabla", "baada")
m <- lm(as.numeric(Nile) ~ enzi)
r <- residuals(m)
qqnorm(r)
qqline(r)

Angalia pembe ya chini kushoto. Nukta ya mwisho imeachana na mstari. Ni 1913 yule yule: 456 ukitoa 850 ni −394. Kwenye data ghafi alijificha, kwa sababu miaka ya maji mengi ya kabla ya 1899 ilitanua mtawanyo mzima mpaka akaonekana wa kawaida. Jirani zake pale chini ni 1888 na 1877, ambao kwenye data ghafi, wakiwa na 799 na 813, hata usingewatazama mara mbili. Walikuwa na maji machache kwa enzi yao, si kwa karne nzima. Mtu wa maji angetaka kuijua miaka hiyo mitatu kwa majina.

Lakini je, nukta ile imeachana vya kutosha, au ndivyo bahati ilivyo? Sampuli halisi ya kengele nayo haikai kwenye mstari kama askari, hasa mikiani, hasa ikiwa ndogo. Jicho lazima lizoeshwe. Njia ninayotumia ni ya polisi: gwaride la utambulisho. Unamsimamisha mtuhumiwa katikati ya watu 19 wasio na hatia, shahidi anaambiwa achague.

n <- length(r)
siri <- sample(20, 1)
par(mfrow = c(4, 5), mar = c(1, 1, 2, 1))
for (i in 1:20) {
  y <- if (i == siri) r else rnorm(n, mean(r), sd(r))
  qqnorm(y, main = i)
  qqline(y)
}

Usiichapishe siri bado. Mwite mtu ambaye hajaiona data, mwambie aonyeshe mchoro ulio tofauti na wenzake. Mimi humwita mdogo wangu, anayesoma kidato cha pili na hajui kengele ya takwimu wala ya shule. Kisha andika siri, bonyeza Enter. Akimpata mtuhumiwa, ujue kuna jambo. Angekuwa anabahatisha, angepata mara moja katika 20, ambayo ni ile 0.05 mnayoipenda kama mpaka wa thamani ya p. Asipompata, tulia. Rudia mara mbili tatu na mashahidi tofauti. Baada ya wiki ya michezo hii utashangaa jinsi mistari mingi uliyoiona mibaya ilivyokuwa ya kawaida kabisa, hasa ukiwa na sampuli ya watu 20.

Najua msimamizi wako atataka Shapiro-Wilk, jaribio linalopima kama data ni za kengele. Mpe, ni shapiro.test(r), haikugharimu kitu. Jaribio hilo ni la 1965, na yule Wilk ndiye aliyeandika pamoja na Gnanadesikan makala ya 1968 iliyoipa michoro hii ya kwantaili nafasi yake, kwa hiyo hata mwenyewe hakuona kwamba kimoja kinafuta kingine. Shida ya thamani ya p peke yake ni kwamba kwa sampuli ya 12 karibu kila kitu kinapita, na kwa sampuli ya 4,000 karibu kila kitu kinafeli kwa kasoro ambayo t-test haiisikii hata kidogo. R yenyewe inakataa kufanya jaribio hilo ukizidisha namba 5,000. Tena p haikwambii kasoro ni ya aina gani. Bakuli linatibika kwa logi. Nukta moja iliyotoroka unarudi kwenye daftari la shambani kuangalia kama mtu aliandika 410 badala ya 41.

Wa Python, tumieni probplot ya scipy. Mkipendelea qqplot ya statsmodels, msiweke line='45' juu ya data ambazo hamjazisanifisha, mtaona nukta ziko mbali na mstari na mtakimbia bure; wekeni line='q', ambayo inapita kwenye robo kama qqline.

Na kwenye tasnifu usiandike "data zilikuwa normal". Andika ulichokiona: "Mchoro wa Q-Q wa mabaki ulionyesha nukta zikifuata mstari isipokuwa mwaka 1913 kwenye mkia wa kushoto, uchambuzi ulirudiwa bila mwaka huo." Kisha urudie kweli, uweke matokeo yote mawili kwenye jedwali moja.