Anza na Daftari, Gari Baadaye: Kuingia Mbio za Magari Ukiwa Nakuru

Anayetaka kuwa dereva wa mbio za magari kwa kawaida huanza kwa kutafuta gari. Pesa zote huishia kwenye injini, na mwaka ukiisha amekimbia mara moja tu, akaishia mtaroni. Njia ya bei nafuu, tena inayofundisha zaidi, ni kiti cha mwelekezi, yaani anayekaa kando ya dereva na kumsomea kona. Mwelekezi hununua kofia na mavazi yake, lakini tairi, mafuta na mafundi ni mzigo wa mwenye gari. Misimu miwili kwenye kiti hicho itakufundisha kusoma barabara, kuheshimu saa na kumaliza mbio gari likiwa zima.

Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Hesabu ya kukaa nayo kichwani ni nyingine: kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19.

Anza kwa kujiunga na klabu ya karibu. Mashindano nchini yako chini ya shirikisho la michezo ya magari Kenya (KMSF), na leseni ya mbio hutoka huko baada ya kupimwa afya. Kabla ya leseni, jitolee kuwa mlinzi wa njia. Tangu Safari irejee kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, mikondo (vipande vya njia vinavyokimbiwa kwa saa) kama Elmenteita, Soysambu na Sleeping Warrior imekuwa hapa hapa Kaunti ya Nakuru. Siku moja kando ya kibao cha saa itakuonyesha wanaofika wametulia na wanaofika wakigombana na karatasi.

Sasa daftari la kuandikia kona. Nunua lenye waya upande wa juu ili kurasa zipinduke kwa kidole kimoja, na penseli mbili. Kalamu ya wino hukataa kuandika gari likitikisika na jasho likimwagika. Andika mistari sita au saba tu kwa ukurasa, kwa herufi kubwa. Kona hupewa namba: 6 ni ya kasi kubwa, 1 ni ile ya kurudi ulikotoka. Wengine huzigeuza, na hilo si kosa mradi wewe na dereva wako mkubaliane.

Makosa mengi huanzia hapa, kwa sababu mtu huipa kona namba kwa kuangalia kasi anayodhani itafaa. Wakati wa ukaguzi wa njia kabla ya mbio mnatembea polepole, na kona inayoonekana rahisi kwa kilomita 50 kwa saa ni kaburi kwa 120. Ipime kwa usukani. Bandika kipande cha utepe mweupe juu kabisa, mahali ambapo kwenye saa ya ukutani pangekuwa na namba 12. Mkipita kona ya kulia na utepe ukafika kwenye namba 1, andika 6. Ukifika 2, andika 5. Ukifika 3, andika 4. Hivyo hivyo hadi 6, ambayo ni kona ya namba 1. Kushoto ni vivyo hivyo kwa upande wa pili. Tumieni gari moja kwa ukaguzi wote, maana usukani wa gari jingine hujizungusha tofauti na namba zote zitapotoka.

Mstari mmoja husomeka hivi: "Kulia 4 ndefu, 80, kilele, kushoto 3 inakaza, usikate." 80 ni mita kutoka kona hadi kilele cha mwinuko. "Inakaza" maana yake kona inajifunga kadiri mnavyoendelea, na neno hilo likisahaulika gari hutoka nje. "Usikate" huandikwa palipo na jiwe, kisiki au mtaro upande wa ndani. Madereva wengi wa hapa husomewa kwa Kiingereza. Lugha yoyote inafaa, ila chagueni moja na kila neno liwe na maana moja.

Katika mashindano makubwa mnaruhusiwa kuupita kila mkondo mara mbili tu kabla ya siku yenyewe. Mara ya kwanza andika. Mara ya pili soma kwa sauti, dereva asikilize kama yuko mbioni, nawe urekebishe. Mazoezi fanyeni kwenye barabara za murram kwa mwendo wa kawaida. Barabara ya umma ina watoto na ng'ombe. Upande wa Muhoroni na Chemelil kuwa mwangalifu na alama unazochagua: miwa iliyoficha kona mwezi huu inaweza kuwa imekatwa mwezi ujao, na mahali pakawa pageni. Shika daraja, mlingoti au mti mkubwa.

Kipimo cha umbali nacho kirekebishwe. Tafuta kilomita 5 zilizopimwa. Kikisoma 4.85, kila kilomita 10 zitakupoteza mita 300, na hapo utasoma kona ambayo mmeshaipita. Tairi zikibadilishwa ukubwa, pima upya.

Kadi ya muda, ambamo saa za kufika vituoni huandikwa, ni mali ya mwelekezi peke yake. Mkiondoka kituoni 10:15 na mmepewa dakika 35, mnatakiwa kuingia 10:50. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kila dakika ya kuchelewa ni adhabu ya sekunde 10, lakini kila dakika ya kuwahi ni adhabu ya dakika nzima. Kwa hiyo mkiwahi, simameni kabla ya kibao cha njano cha mwanzo wa kituo mkasubiri. Na tafadhali, saa rasmi ni ya kimataifa: 10:50, si saa nne na dakika hamsini. Anayetafsiri kichwani kwenye joto na vumbi siku moja atakosea kwa saa sita kamili.

Bonde la Ufa lina fesh-fesh, vumbi laini kama unga lililotokana na majivu ya volkano, linalojaza mifereji hadi isionekane. Andika pale linapoanza na linapoisha. Dereva aingie na gia sahihi, ashike mwendo mmoja bila breki, kwa sababu breki hulizamisha pua ya gari na injini hunyonya vumbi ikakaba. Kagua filta ya hewa kila mnaporudi kwa mafundi. Ukumbuke pia kwamba Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na injini isiyo na turubo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake; gari lililorekebishwa Mombasa litaonekana limechoka likifika huku.

Kubadilisha tairi kunafaa kufanyiwa mazoezi hadi mshuke chini ya dakika mbili. Dereva alegeze nati huku mwelekezi akitoa jeki na tairi la akiba. Kwenye udongo wa Elmenteita jeki huzama, kwa hiyo bebeni ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30 wa kuweka chini yake. Nati zifungwe kwa kuruka upande, si kwa mduara, kisha zikazwe tena gari likishuka. Mkikwama, pembetatu ya onyo iwekwe angalau mita 50 nyuma ya gari, na kibao cha OK kionyeshwe kama hakuna aliyeumia. Kuliacha hilo kunaweza kusimamisha mkondo mzima na kupeleka daktari mahali asipohitajika.

Ukihamia kiti cha dereva, chagua gari dogo la magurudumu mawili ya kuendesha, ambalo vipuri vyake vipo mjini. Anza na autokrosi, yaani mbio fupi za kuzunguka uwanja wa udongo. Bajeti ya kwanza iende kwenye vizimba vya chuma vya kuwakinga gari likipinduka, viti, mikanda na shokabzoba, halafu injini. Mikanda na viti vina tarehe ya mwisho kwenye lebo. Vya mtumba vilivyopita muda, ukaguzi utavikataa hata vikiwa safi.

Mdhamini naye hutafutwa kwa kazi. Maxine Wahome alipoibuka mshindi wa WRC3, kitengo kimojawapo cha ubingwa wa dunia, kwenye Safari ya 2022, majina ya wadhamini yalionekana ubavuni mwa gari. Mpelekee mwenye duka la vipuri au hoteli ukurasa mmoja: mashindano mangapi, stika itakaa wapi, gharama kiasi gani. Wiki moja baada ya kila mbio mletee picha na matokeo, hata kama mlikwama kilomita ya tatu.