Kupunguza misonobari ndani ya hifadhi ya msitu Uganda: ramani ya maji kwanza, hesabu ya miti baadaye

Mpango wa kupunguza miti (kukata baadhi ili inayobaki ipate nafasi) huharibika mapema, pale ofisa wa misitu anapohesabu miti peke yake na mtaalamu wa mazingira akaitwa mwishoni kuja kukamilisha karatasi. Hapo mnunuzi ameshaahidiwa mita zake za ujazo, ndipo inaonekana kuwa kijito kinapita katikati ya kipande cha shamba na karibu hekta tano zilizohesabiwa hazifai kuguswa. Ama mpango uandikwe upya, ama kijito kiumie, na mara nyingi kinachoumia ni kijito. Kwa hiyo anza na maji na mteremko, kisha hesabu miti. Karatasi zile zile za kupimia ndizo zitakazojibu maswali ya tathmini ya mazingira.

Maelezo haya ni ya mashamba ya misonobari yaliyopandwa ndani ya hifadhi: Pinus caribaea kwenye nyanda kavu kama Katugo kule Nakasongola, na Pinus patula milimani kama Mafuga kule Rubanda. Msitu wa asili usiuendee kwa kanuni hizi. Budongo inatosha kutufundisha: miaka ya 1950 na 1960 miti iliyoonwa haina faida, mikuyu ikiwamo, iliuawa kwa sumu ili mahogani ipate nafasi. Mikuyu hiyo hiyo ni chakula cha sokwe.

Nani anaidhinisha

Hifadhi kuu za misitu ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA. Hifadhi za mitaa ziko chini ya serikali ya wilaya, kupitia ofisa misitu wake. Mtu aliyepewa leseni ya kupanda ndani ya hifadhi ana haki juu ya miti yake, lakini ardhi inabaki ya umma, kwa hiyo naye hapunguzi bila mpango wake kukubaliwa. Kabla ya kuingia shambani fungua mpango wa usimamizi wa hifadhi, ule unaotakiwa na Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003. Kama kazi ya kupunguza haimo humo wala kwenye mpango kazi wa mwaka, anzia hapo. Ruhusa nyingine zote zinaegemea karatasi hiyo.

Jipe miezi tisa hadi kumi na miwili kabla ya mti wa kwanza kuanguka.

Je, wakati umefika?

Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huanza na miti 1,111 kwa hekta. Kwa magogo ya mbao, hushushwa kwa hatua: kwanza hadi 700 au chini kidogo, kisha 450 hadi 500, mwisho karibu 300 inayosubiri kuvunwa. Mara ya kwanza huangukia kati ya mwaka wa tano na wa saba kwenye ardhi nzuri. Hata hivyo, umri pekee usiutegemee. Mti wenyewe utakuambia zaidi.

Tazama matawi mabichi. Yakikaribia kubaki theluthi moja tu ya urefu wa mti, umechelewa, kwa sababu mti uliopoteza majani mengi hauwezi kuitumia nafasi utakayoupa. Kisha gawanya urefu kwa kipenyo cha kifuani (kile kinachopimwa mita 1.3 kutoka chini), vyote viwe katika kipimo kimoja. Mti wa mita 14 wenye kipenyo cha sentimita 14 una uwiano wa 100. Huo ni mwembamba mno kwa urefu wake, na ukiondolewa majirani wake ghafla utalala kwenye upepo wa mvua ya kwanza. Uwiano wa 80 kushuka chini unasimama vizuri. Ukikuta shamba limechelewa, usijaribu kufidia kwa mkupuo mmoja. Ondoa kidogo, ngoja miaka miwili au mitatu mizizi ikaze, kisha rudi.

Ramani ya maji na mteremko

Tembea mpaka wote wa kipande ukiwa na GPS, kisha tembea kila kijito, chemchemi na kinamasi, hata vile vinavyokauka kiangazi. Kanuni za mwaka 2000 za vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaweka ukanda wa kinga wa mita 100 kwenye kingo za mito mikubwa iliyotajwa kwenye jedwali lake, na mita 30 kwa mito mingine. Maziwa makubwa yaliyotajwa yana mita 200, mengine 100. Pima kutoka ukingo wa juu ambako maji hufika wakati wa mvua, si kutoka mahali maji yalipo siku ya kupima.

Chukua kipande cha hekta 60 chenye kijito cha urefu wa mita 800. Mita 30 kila upande ni upana wa mita 60, mara 800 ni mita za mraba 48,000, yaani hekta 4.8. Zitoe. Zinabaki hekta 55.2 za kufanyia kazi, na namba hiyo ndiyo itumike kwenye kila hesabu na kila barua.

Mara nyingi utakuta misonobari imepandwa hadi majini, kosa la waliotangulia. Iache nje ya hesabu ya mauzo. Ikiwa kuna nia ya kuiondoa ili miti ya asili irudi, iombee ruhusa NEMA (Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira) kama kazi tofauti, ikatwe kwa mkono na kwa awamu, bila trekta kuingia. Miche ya musizi na mingine ya kienyeji inayochipua humo chini ilindwe, kwa kuwa ndiyo itakayoshika ukingo baadaye.

Kwenye ramani hiyo hiyo weka miteremko mikali, makaburi na mahali pa matambiko, mapito ya watu kwenda kisimani, na mizinga ya nyuki. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na wazee wa vijiji vinavyopakana wanayajua mambo haya kuliko setilaiti yoyote.

Vituo vya kupimia

Kituo cha duara chenye nusu kipenyo cha mita 11.28 kina eneo la mita za mraba 400, kwa hiyo kila mti ndani yake unawakilisha miti 25 kwa hekta. Ukipima asilimia 2 ya hekta 60 unahitaji vituo 30, kimoja kwa kila hekta mbili. Vipange kwenye ramani kwa umbali wa karibu mita 140 kila upande kabla ya kwenda, na usikihamishe kituo eti kwa sababu kimeangukia kwenye pengo au kichaka. Pengo nalo ni sehemu ya shamba. Vituo vinavyoangukia ukanda wa kinga vipimwe pia, lakini viandikwe kando.

Kwenye mteremko shika utepe ukiwa umelala sawa, hata kama itabidi upime kwa vipande viwili au vitatu. Utepe ukifuata ardhi ya mlima duara linakuwa dogo kuliko unavyodhani, na miti kwa hekta inaonekana michache kuliko ilivyo. Mti ulio kwenye mstari wa duara uhesabiwe kama katikati ya shina iko ndani. Andika kipenyo cha kila mti, urefu wa miti mitatu au minne, na kasoro: shina lililogawanyika, lililopinda, lenye jeraha la moto, lenye mkia wa mbweha (kilele kirefu kisicho na matawi, tabia ya Pinus caribaea).

Tuseme wastani ni miti 38 kwa kituo. Hiyo ni 950 kwa hekta. Unataka ibaki 650, basi kila kituo kipoteze miti 12 na kibaki na 26. Kipenyo cha wastani kikiwa sentimita 17, jumla ya eneo la mashina (eneo la mkato wa kila shina kwenye kimo cha kifua, likijumlishwa) ni karibu mita za mraba 21.6 kwa hekta. Miti 300 inayotolewa, yenye wastani wa sentimita 14, inachukua mita za mraba 4.6 tu. Umeondoa karibu theluthi ya miti lakini asilimia 21 ya eneo la mashina, na hivyo ndivyo upunguzaji mzuri unavyoonekana kwenye karatasi. Asilimia hizo mbili zikilingana, au ya pili ikaipita ya kwanza, ujue miti mizuri ndiyo inayotoka.

Kwa ujazo, zidisha 4.6 kwa urefu wa wastani wa miti inayotoka, tuseme mita 12, kisha kwa 0.45 kufidia shina linalochongoka kuelekea juu. Unapata karibu mita za ujazo 25 kwa hekta. Kwa hekta 55.2 ni takriban 1,380, na miti 16,560.

Kutia rangi

Hapa ndipo shamba linapopona au kuharibika. Kikundi cha watatu kinatosha: mmoja anachagua miti ya kukatwa, mmoja anaipaka rangi, mmoja anahesabu. Anayechagua asitazame shina tu, ainue macho hadi kileleni. Anaanza na miti migonjwa na iliyovunjika, anafuata iliyopinda na yenye mashina mawili, kisha iliyosongwa, na mwisho mti mzuri unaobanana na mwingine mzuri zaidi. Kila baada ya miti hamsini wasimame, wapime duara la mita 11.28, wahesabu iliyobaki bila rangi. Iwe 26 au karibu. Bila zoezi hili mkono unazoea na mchana unakuta wamebakiza 35 au 18.

Rangi ipakwe mahali pawili: mstari wa kifuani unaoonekana kutoka mbali, na doa chini kabisa kwenye shina, upande wa bonde, chini ya mahali msumeno utakapopita. Doa hilo ndilo linalobaki kwenye kisiki. Kisiki kisicho na rangi ni mti ulioibwa, na hakuna ubishi. Rangi ikae kwenye stoo yenye kufuli, tena isiwe ile inayouzwa kila duka la karibu.

Kamwe usimwachie mnunuzi kuchagua. Anayelipia gogo atatafuta gogo nene, na miaka kumi baadaye serikali itabaki na shamba la miti dhaifu.

Kwenda NEMA

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na kanuni za 2020 za tathmini ya mazingira na jamii zinatofautisha miradi inayohitaji muhtasari wa mradi na ile inayohitaji tathmini kamili. Sheria ya misitu nayo inadai tathmini pale kazi inapoweza kuleta athari kubwa kwa msitu. Usijiamulie mwenyewe uko fungu gani. Andika barua ukiambatanisha ramani, ukubwa wa eneo, idadi ya miti na ujazo, uombe jibu la maandishi, ulihifadhi. Nyaraka ziandaliwe na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, mwenye leseni hai, na atembee kwenye kipande akiwa na wewe.

Muhtasari unaorudishwa ni ule ulionakiliwa kutoka msitu mwingine: unataja ziwa lisilokuwepo na hausemi lolote juu ya kijito kilichopo. Weka mambo ya kipande hiki: jedwali la vituo, njia za kuburuzia magogo, miezi ya kazi, idadi ya wafanyakazi na vyoo vyao, mahali pa mafuta, mpango wa matawi, na kumbukumbu za kikao cha kijiji zenye sahihi. Kwenye kikao eleza kuhusu kuni. Sheria inawaruhusu wanajamii kuchukua kuni kavu bure kwa matumizi ya nyumbani, kwa kiasi cha kawaida. Mkandarasi akiwafukuza akina mama wanaookota matawi, umejitafutia moto wa kiangazi.

Cheti cha NEMA kikitoka kina masharti. Yanakili yote, neno kwa neno, kwenye mkataba wa mkataji. Yasipokuwa humo hana habari nayo.

Kukata na kutoa

Panga kazi kiangazi, lakini angalia kiangazi kipi. Milimani, kama Mafuga, adui ni udongo kutiririka, kwa hiyo kazi ikome mara mvua za Machi au Septemba zinapoanza. Nakasongola adui ni moto, na matawi ya Desemba yanakuwa baruti Januari.

Njia za kuburuzia ziwekewe alama kabla ya kukata, zifuate mgongo wa kilima na zisivuke kijito. Kazi ikiisha, chimba vizuizi vya mshazari vya kutolea maji kila mita 20 hadi 30, vikaribiane zaidi mteremko ukizidi. Mafuta ya msumeno yajazwe nje ya ukanda wa kinga. Matawi yakatwekatwe yasipite goti, yasirundikwe kwenye mashina yaliyobaki, na yaondolewe kabisa kwenye mikanda ya kuzuia moto. Magogo ya msonobari yasilale msituni wiki nyingi, yataingia ukungu wa bluu na bei itashuka. Yapigwe nyundo ya mhuri na yasitoke bila kibali cha kusafirishia mazao ya misitu.

Kama kipande kina mikaratusi, kumbuka visiki vyake huchipua na msonobari hauchipui. Weka bajeti ya kufyeka machipukizi, la sivyo mwaka ujao huna nafasi uliyoilipia.

Ndani ya wiki sita rudi kwenye vituo vile vile 30. Hesabu miti iliyobaki, visiki vyenye rangi, visiki visivyo na rangi, na miti iliyochubuliwa na magogo. Kisha rudi tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, utembee kila njia ya kuburuzia hadi chini, ukatazame kama maji yanayoingia kijitoni yana rangi ya udongo.